Sinki la Mazimbu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana. Nimeombwa nizungumzie majengo yanayobadilishwa matumizi, nami nimeona heri nizungumzie mahali pamoja ninapopajua kwa nyayo zangu: shule niliyosoma utotoni huko Mazimbu, Morogoro, ambayo leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Vijana mliomo humu huenda hamjui kwamba kabla ya yote hayo pale palikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Baada ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, kupigwa risasi tarehe 16 Juni 1976, vijana wengi walivuka mipaka wakiwa hawajamaliza masomo, na mwaka uliofuata Serikali ya Tanzania ikakipa ANC, chama kilichopigania uhuru wa Afrika Kusini, eneo hilo kijenge shule. Shule ikapewa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na miaka 22. Oliver Tambo alipoifungua rasmi mwaka 1985, Mazimbu ilikwisha kuwa mji mdogo wenye chekechea, shule ya msingi, sekondari, hospitali, mashamba na karakana ya samani.

Mimi niliingia hapo kwa kuwa baba yangu alikuwa mpigania uhuru kutoka Afrika Kusini na mama yangu ni Mluguru. Shuleni tuliimba wimbo wa ANC kwa Kixhosa. Nyumbani, binamu zangu waliosoma shule ya serikali waliimba wimbo wa taifa kwa Kiswahili, kwa sauti ileile, na tuligombana hadi machozi kuhusu nani aliyemwibia mwenzake.

Tarehe 9 Julai 1992 ANC walikabidhi kila kitu kwa Serikali ya Tanzania wakarudi kwao, na baadaye majengo yakawa ya chuo kikuu. Wapo wenzangu wanaosikitika kwamba hapakuachwa pawe makumbusho. Siafikiani nao, kwa sababu nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa kabla wezi hawajafika, na paa za Mazimbu zimesimama kwa kuwa kila mwaka yupo mtu anayezihitaji zisivuje. (Niseme pia jambo ambalo hatupendi kulisema jukwaani: Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa Tanzania, alifariki tarehe 12 Aprili 1984 karibu na Dakawa, gari lake lilipogongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi wa Afrika Kusini. Leo chuo kina jina lake, na kampasi ina jina la Mahlangu.)

Ninachosikitikia mimi ni kidogo zaidi. Wageni wanaofika kutoka Afrika Kusini hupelekwa makaburini, na ni haki yao, kwani ndugu zao wamelala pale. Lakini sisi watoto hatukuishi makaburini. Tuliishi madarasani, na darasa likishapata watumiaji wapya halina namna ya kujitambulisha, isipokuwa kwa vitu ambavyo hakuna aliyeona haja ya kuvibadilisha.

Nilipopatembelea, nilikuta kwenye ujia wa jengo tulilosomea sinki la kunawia mikono, lilelile, limefungwa chini mno, ukingo wake ukinifikia juu kidogo ya magoti. Kijana mmoja wa shahada ya kwanza alikuwa ameinama akiosha kikombe. Nikamuuliza anadhani kwa nini limewekwa hivyo, naye akajibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, nadhani fundi alikosea vipimo."

Nikamweleza kwamba fundi hakukosea. Akaweka kikombe chini, akapima kwa kiganja kutoka sakafuni hadi ukingoni, shubiri moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza tulikuwa na umri gani.