Kufunga Yom Kippur: Shughuli Iko Siku ya Kabla

Shalom, ndugu zangu wa nyumbani! Leo tuzungumzie Yom Kippur, ile Siku ya Upatanisho mnayoisoma kwenye Walawi. Mwaka 2026 huku Israeli inaingia Jumapili jioni, Septemba 20.

Mliozoea Ramadhani, hapa hakuna daku. Unakula jua likiwa bado juu, kisha unafunga usiku na mchana wake, kama saa 25, bila hata tone la maji. Kuoga, kujipaka mafuta, viatu vya ngozi na tendo la ndoa navyo marufuku. Ndiyo maana utamwona mzee wa watu kapiga suti safi, miguuni Crocs.

Njaa inavumilika. Kichwa ndicho kinachoangusha watu, hasa wapenzi wa kahawa: ukikata vikombe 4 kwa ghafla, kufika saa nne asubuhi kinagonga kama nyundo. Anza kupunguza siku 4 kabla: 3, 2, 1, nusu.

Mlo wa mwisho uwe wali au viazi na kuku wa kuchemsha. Achari na samaki wa chumvi acha kabisa. Maji unywe kidogo kidogo tangu asubuhi. Ukibugia lita 2 dakika za mwisho, Kol Nidre, ibada ya kufungulia siku, itakukuta msalani, nayo huanza kabla jua halijazama.

Mgonjwa ambaye mfungo unahatarisha uhai wake hafungi, na hapati dhambi. Wengine, kwa ushauri wa daktari na rabi, hunywa funda dogo, chini ya mililita 40, kila baada ya dakika 9 hivi. Wasichana hulazimika kufunga wakifika miaka 12, wavulana 13.

Sasa toba. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, iko wazi: siku hii haifuti kosa ulilomfanyia mwenzako mpaka umridhishe. Mwendee kabla, akikataa rudi, hadi mara 3. Ule ujumbe wa kusambaza WhatsApp, "kama nilikukosea nisamehe", mimi siuhesabu. Kama? Ulimkosea nini?

Mchana barabara ni za watoto na baiskeli, hata uwanja wa ndege wa Ben Gurion umefungwa. Jioni ni Neila, sala ya kufunga siku, shofari (pembe ya kondoo) inapulizwa, halafu Havdala, ibada fupi ya kuiaga siku takatifu. Hapo ndipo wengi hukwama: moto wake hauwashwi kwa kiberiti kipya, unatolewa kwenye moto uliokuwa ukiwaka tangu kabla ya mfungo. Kwa hiyo jana yake washa mshumaa wa saa 25, uweke mbali na pazia.