Maembe ya mimba isiyokuwepo

RUKIA: Asalaam aleikum, karibuni tena kwenye kipindi chetu, chumbani kwetu hapa Langoni, Lamu, juu ya duka la vitambaa, fundi wa chini ametuahidi cherehani yake itanyamaza mpaka alasiri, tutaona. Leo nina karatasi. Sababu saba za ziwa la mwanamke kutoka maziwa ama majimaji na hanyonyeshi mtoto. Saba, nimezikesha.

SWABRA: Karatasi iweke kwanza da Rukia. Mi nimekesha na moja wiki nzima, wacha nianze.

RUKIA: Jamani, anza.

SWABRA: Alhamisi usiku, harusi Mkomani, usiku wa wanawake, vugo, ngoma yetu ya pembe, limekolea, mi na pembe yangu mkononi nagonga nimejisahau, nina dera jipya rangi ya samli siku ya kwanza kulivaa. Shangazi akanivuta mkono, "Ndoo hapa. Hii nni?" Naangalia kifuani, kushoto kuna duara kama shilingi ishirini, na kulia lingine ndio linachipuka. Nikamwambia ni tui. Tui la wali limenirukia.

RUKIA: Tui.

SWABRA: Ndio neno lililokuja.

RUKIA: Tui likaruka pande zote mbili, sawasawa, kama limepimwa kwa futi.

SWABRA: Akalishika dera, akalisugua kwa vidole viwili, akanusa, akatabasamu. Hakusema neno. Na ukimjua shangazi, akisema uko salama, akitabasamu ushauzwa. Biriani haijafika nikasikia hongera ya kwanza. Kufika asubuhi mtoto yuko mlangoni na kikapu, maembe ngowe mabichi kumi na nane, na chumvi na pilipili zimefungwa kwa karatasi pembeni. Saa nne achari ya ndimu kutoka kwa mama mkubwa. Adhuhuri mabuyu. Jirani kaleta hata udongo wa kula.

RUKIA: Na wewe ukala.

SWABRA: Udongo sikula.

RUKIA: Maembe?

SWABRA: Sasa embe bichi na pilipili yake liende wapi, da Rukia?

RUKIA: (anacheka) Yaani wewe umekula zawadi za mimba ambayo haipo.

SWABRA: Wakati ule nilikuwa sijui kama haipo! Jumamosi ndio nikanunua kipimo cha mkojo, mstari mmoja. Nikanunua kingine, mstari mmoja. Hapo ndio nikaogopa sasa, kwa sababu mimba ningeielewa. Nasri ana miaka minne, nilimwachisha akiwa na miwili, sasa haya maziwa ni ya nani?

RUKIA: Na maembe yalikuwa yamebaki mangapi?

SWABRA: Wacha maembe.

RUKIA: Nauliza tu, mimi napiga hesabu.

SWABRA: Sita. Jumatatu nikaenda hospitali, nikapata dada mmoja muuguzi, mashallah, anauliza kama karani wa korti. Ni maziwa yote mawili ama moja? Yanatoka yenyewe ama ukikamua? Tundu moja la chuchu ama kadhaa? Rangi gani? Hedhi inakuja? Kichwa kinauma? Ukitazama mbele, pembeni unaona sawa? Mi nikajiuliza, macho na kifua wapi na wapi.

RUKIA: Hapo ngoja, hapo nilisoma. Kuna tezi chini ya ubongo, pituitari, ndogo kama punje ya njegere, ndio inatoa homoni ya kutengeneza maziwa, prolaktini. Sasa pale kunaweza kuota kauvimbe, mara nyingi sio kansa, lakini kakikua kanasukuma mishipa ya macho inayopita juu yake. Na prolaktini ikizidi hedhi nayo inavurugika ama inakatika. Na watu wakisikia uvimbe wa kichwani wanaona kisu, kumbe wengi wanatibiwa kwa vidonge tu.

SWABRA: Ndio alivyonieleza. Na akasema maziwa kubaki baada ya kuachisha, miezi sita hata mwaka, sio ajabu. Miaka miwili ndio lazima tutafute. Alafu akaniambia, mwaga mkoba.

RUKIA: Mkoba?

SWABRA: Mezani pale. Nikaumwaga, risiti, kikopo cha udi, peremende za Nasri zimeshikana na vumbi, soksi moja, na ganda la vidonge limebaki viwili. Akakiokota kile kiganda peke yake akakigeuza, akanitazama. Domperidoni. Mwezi uliopita tumbo lilinichafuka, kichefuchefu hakiishi, nikapewa hivyo nikaambiwa usipitishe wiki, vikanifaa, basi nikawa narudi kununua kimya kimya. Nilikuwa wiki ya nne, vitatu kwa siku.

RUKIA: Swabra!

SWABRA: Najua. Wala simlaumu mwenye duka, wiki moja nilielezwa. Sasa hii nilipenda alivyoielezea, alisema kwenye ubongo kuna dopamini, kazi yake moja ni kuishika prolaktini isitembee ovyo. Dopamini ni ile kamba ya punda. Kidonge kinailegeza kamba, punda huyo kashika njia, hana haja ya mtoto wala mimba, anatembea tu mjini.

RUKIA: Mpaka harusini Mkomani.

SWABRA: Mpaka kwenye dera langu!

RUKIA: Basi hiyo ni namba tatu kwenye karatasi, dawa. Na sio hiyo tu, kuna metoklopramidi, hiyo nayo ya kutapika, kuna za maradhi ya akili kama risperidoni na haloperidoli, kuna za presha, methildopa ile wanayopewa waja wazito, na verapamili. Lakini mtu asisikie hapa akaenda kutupa dawa zake, haswa za akili na za presha, arudi kwa aliyemwandikia, zina badala yake.

SWABRA: Mi dokta alinibadilishia siku ile ile. Na damu wamechukua, prolaktini na ya tezi ya shingo, kwa sababu tezi ya shingo ikizembea nayo inaleta maziwa, imepelekwa Mombasa nasubiri majibu. Na nikaambiwa nisikamue kuangalia kama bado yapo. Mi nilikuwa nakamua kila nikiingia bafuni! Kumbe kule kukamua ndio unauambia mwili mtoto yupo, endelea.

RUKIA: Kama shangazi na maembe. Unapokea, anaendelea kuleta.

SWABRA: Umeanza.

RUKIA: Sijamaliza hata. Juzi ameleta tena?

SWABRA: ... Jana. Kumi.

RUKIA: Wallahi? Na hujamwambia mpaka leo?

SWABRA: Nimwambie nini? Shangazi, mimba hakuna, lakini maziwa yapo? Unajua kwetu mwanamke ana maziwa na hana mtoto itasemwa nini? Husda. Jini mahaba. Nitapelekewa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, ninywe kabla dokta hajamaliza kuandika.

RUKIA: Utanywa kombe, na hospitali utaenda, kwani vinagombana? Mi ninachosema, usiku ule ule ungesema jamani sina mimba, hili silijui, kesho nakwenda kutazamwa. Pale walikaa wanawake sitini. Huwezi jua nani amekaa na kitambaa ndani ya sidiria yake.

SWABRA: Sio mahali pake.

RUKIA: Ni wapi basi? Nina jamaa yangu, marehemu sasa, ziwa moja, damu, inatoka yenyewe kwenye tundu moja. Alikuwa anaweka pamba, anafua shimizi usiku sisi tumelala. Miezi. Na damu ile sio lazima iwe kansa, mara nyingi ni kinyama kidogo tu ndani ya mfereji wa maziwa, lakini hakuna anayejua mpaka atazamwe. Yeye alipotazamwa ilikuwa ni kansa, na imeshatembea. Kwa sababu ya hii hii aibu yenu ya sio mahali pake.

SWABRA: Allah amrehemu. Lakini da Rukia hapo unanionea. Yule alinyamaza hospitali. Mi nilinyamaza harusini, hospitali nikaenda siku ya nne. Sio kitu kimoja.

RUKIA: Ni kitu kimoja.

SWABRA: Sio! Mwili wangu sio tangazo la mnara wa msikiti.

RUKIA: Unatangaza hapa sasa hivi!

SWABRA: Hapa nimechagua mimi, na nimeshatazamwa, najua ninachosema. Kule nilikuwa na hofu na dera limelowa.

RUKIA: Na babake Nasri? Ulimwambia?

SWABRA: (kimya)

RUKIA: Swabra.

SWABRA: Yuko Kiunga baharini. Alipiga Ijumaa usiku. Habari ya hongera ilimfika kabla ya mimi kuamka, akawa anauliza, eti tumepata? Kwa furaha hiyo.

RUKIA: Ukamwambia nini?

SWABRA: Nikamwambia mtandao mbaya.

RUKIA: Mtandao mbaya! Mtu anahesabu mtoto baharini huko!

SWABRA: Nimwambie nini na mi mwenyewe sijui? Majibu yakija ya Mombasa nitamweleza yote mara moja, sio nimpe hofu vipande vipande na yuko majini.

RUKIA: Mume anabeba hofu na wewe, ndio mume.

SWABRA: Wako. Wangu akipewa hofu haendi baharini, na asipokwenda baharini hatuli.

RUKIA: Sikubaliani na wewe hata kidogo.

SWABRA: Wala sijakuomba.

(Cherehani ya chini inaanza.)

RUKIA: Haya, huyo fundi. Na karatasi yangu nimesoma namba tatu tu, na nusu nusu ya zingine. Nilitaka kusema mkanda wa jeshi, yale malengelenge, ukipita kifuani, nilitaka kusema ute wa kijani ama mweusi kwa waliokaribia kukoma hedhi, ile mirija inatanuka...

SWABRA: Soma ile ya dada wa Shela, alituma sauti tangu juzi anangoja.

RUKIA: Eh. Dada wa Shela, mtoto wako wa siku tisa, matiti yamevimba na yanatoa maziwa, awe wa kike ama wa kiume ni homoni zako wewe alizotoka nazo tumboni, zinaisha zenyewe baada ya wiki chache. Bibi yake asiyakamue. Najua anataka kuyakamua, mamangu alitukamua sote, lakini yakikamuliwa yanaweza kuingia usaha. Yakiwa mekundu na ya moto, ama mtoto ana homa, mpeleke hospitali leo.

SWABRA: Na mwanamume mzima akitokwa na kitu kwenye chuchu?

RUKIA: Hospitali, asingoje. Hiyo ilikuwa namba saba, nilikuwa na maelezo mazuri sana, basi yamekwenda. Nani anapiga simu?

SWABRA: Shangazi.

RUKIA: Pokea. Weka spika.

SWABRA: Zima kwanza.