Mama, yule mgeni wa dagaa nimemjua

Shikamooni wazazi wangu mnaonitazama, na ninyi wenzangu, habari za huko nyumbani? Leo sitembezi kamera mitaani. Nimekaa hapa hapa Makerere, karibu na Freedom Square, joho bado liko mwilini na sauti imenikauka kwa vigelegele. Nimemaliza! Nimetunukiwa shahada yangu ya uzamili ya sayansi ya viumbe.

Wengi mmekuwa mkiniuliza nilichokifuata Kampala ni nini hasa. Jambo lenyewe lilianzia kwenu, Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapo Mwanza, kwenye sinia la mama yangu. Nikiwa mdogo nilikuwa namsaidia kuchambua dagaa. Tulikuwa tunakuta dagaa mwenye tumbo limevimba, ukimpasua anatoka mnyoo mweupe, mrefu karibu sawa na samaki mwenyewe. Mama anamweka kando, anasema, "Huyu ana mgeni." Siku moja nikamuuliza mgeni katoka wapi. Akanijibu, "Kasome. Ukijua, uje uniambie."

Mama, nimejua. Anaitwa Ligula intestinalis, ni jamii ya tegu. Mwenyeji wake hasa ni ndege, kama wale minandi wanaoanika mabawa juu ya mawe hapo Mwanza. Mayai ya mnyoo hushuka majini na kinyesi cha ndege. Yakianguliwa, kachanga humezwa na kidudu kidogo sana cha majini, na dagaa anakuja kukila kidudu hicho. Humo tumboni mnyoo anakua, anakua, mpaka viungo vya uzazi vya dagaa vinadumaa. Dagaa jike anaweza kuishi maisha yake yote asitage. Mnandi akimla samaki huyo, mnyoo anakomaa ndani ya siku chache, anataga, safari inaanza upya. Mboga yenu msiihofu: dagaa akiiva vizuri hana neno.

Sampuli nilizichukua Kiyindi, mwalo, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, ulioko Buikwe, mashariki ya Kampala. Huku dagaa wanaitwa mukene, lakini kazi ni ile ile mnayoijua: wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikitawala wavuvi wanakaa wakishona nyavu. Kwa hiyo ratiba ya masomo yangu aliipanga mwezi. Alfajiri nipo ufukweni na ndoo yangu, nangoja mitumbwi. Kiganda changu kilikuwa cha kuombea maji tu, ila pale mwaloni Kiswahili kilinibeba.

Kuna usiku umeme ulikatika, friji nililokuwa nimekodi likazima. Samaki wa giza zima wakaoza. Nililia, nawaambia kweli, kwa sababu ilibidi kungoja mwezi upite ndipo nianze tena. Giza lililofuata, mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ameniona nikiwamwaga samaki wale akanitengea ndoo mbili zilizojaa. Hakupokea hela. Yumo kwenye ukurasa wangu wa shukrani, kabla hata ya maprofesa.

Kuandika tasnifu ndiko kulikonichosha zaidi. Sura ya nne ilirudi mara tano imejaa wino mwekundu, na kila mara msimamizi wangu alikuwa na haki. Siku ya utetezi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya takwimu. Mtahini mmoja akaniuliza, "Mvuvi anahusika nini na mnyoo huu?" Nikamwambia: sangara anakatwa minofu, anapanda ndege kwenda Ulaya. Dagaa ndiye anayebaki kwenye sufuria zetu. Samaki asiyezaa leo, kesho mwanamke wa mwaloni anakosa cha kuanika. Chumba kikanyamaza kidogo. Hapo ndipo nilipojua nimepita.

Mahali hapa pana uzito, jamani. Mwalimu Nyerere alisoma hapa tangu 1943 hadi 1945. Leo nimepita mbele ya Jengo Kuu, lile lililoungua 2020 na sasa limesimama tena, nikasimama nikalitazama mpaka wenzangu wakaniita kwenye picha.

Keshokutwa napanda basi: Mutukula, Bukoba, Mwanza. Nakala moja ya tasnifu, yenye jalada gumu, nimemfungia mama ndani ya kitenge. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mama, nitakusomea mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, tukiwa tumekaa pale pale kwenye sinia. Niwekee dagaa mmoja mwenye mgeni.