Damu Baada ya Msongo: Mazungumzo na Akina Mama wa Soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza

Shikamooni mama zangu. Najua dagaa wako juu ya chanja na wingu linapanda kule ziwani, kwa hiyo sitawaweka sana. Leo ni msongo wa mawazo unavyoigusa damu, na mazoezi yanavyosaidia.

Tazameni tyubu hii. Ni damu iliyotiwa dawa isigande. Nimeisimamisha saa 1 iliyopita, na sasa chembe nyekundu zimeanza kuzama, juu yamebaki maji ya njano. Mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, zinazama haraka zaidi, kwa sababu protini iitwayo faibrinojeni inazishikamanisha kama sarafu zilizopangwa. Protini hiyohiyo ndiyo inayofuma bonge la damu. Na mtu aliyeishi na msongo muda mrefu, mara nyingi hukutwa nayo imepanda.

Kwa nini? Ukikimbizwa na kiboko, mwili unajiandaa kujeruhiwa. Vichocheo vya mwili vinaamka: adrenalini inafanya chembe za kugandisha damu zinatenate, kotisoli inaliamuru ini limwage sukari. Ni ulinzi mzuri kabisa. Lakini kiboko hurudi majini. Marejesho ya mkopo hayarudi popote, unalala nayo na kuamka nayo, na damu inabaki kwenye hali ya vita.

Mazoezi yanaifikia hali hiyo moja kwa moja. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari hata pale insulini, kichocheo kinachoshusha sukari ya damu, inapokuwa imezidiwa. Ukiendelea, ndani ya wiki 1 au 2 yale maji ya njano yanaongezeka, damu inakuwa nyepesi na kupita kwa urahisi. Wiki zikisonga, chembe za kugandisha zinatulia wakati wa mapumziko.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni: sisi tunaobeba ndoo kutwa, hayo si mazoezi? Kazi yenu naiheshimu, na mwili unaihesabu. Ila kunyanyua mzigo mzito umebana pumzi kunapandisha presha, halafu mapumziko hamna. Ninachowaomba ni mwendo usiokatika, bila mzigo, mkielekea Pasiansi: uweze kuongea lakini kuimba kukushinde. Dakika 30, siku 5 kwa wiki, zinatimiza zile 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Msianze kwa pupa. Asiyezoea akikimbia ghafla kwa nguvu zote, damu yake kwa muda huwa tayari zaidi kuganda. Anzeni na dakika 10.

Jambo hili nalisisitiza kwa sababu tunaishi kando ya ziwa: pimeni wingi wa damu kwanza. Kichocho, malaria na safura vinaipunguza damu polepole, mtu akadhani amechoka kwa mawazo tu. Huyo anahitaji tiba kabla ya mazoezi. Chembe nyekundu huishi siku kama 120, kwa hiyo hata baada ya dawa, mpeni miezi kadhaa.

Haya, matone yameanza. Kaanueni dagaa. Mwenye swali anisubiri, tutaongea tukitembea.