Hisa Imepanda, Mwenye Hisa Kafilisika

BARAKA: Karibuni tena, leo nina mafunzo matatu kuhusu kuvuta bei za hisa kwa skripti, yaani kaprogramu kadogo, nimeyaandika kabisa kwenye karatasi hapa...

ZUHURA: Karatasi iweke chini. Waambie kwanza ulichonipigia simu Jumanne saa tano usiku, unahema.

BARAKA: Dada Zuu jamani. Haya. Mnajua mahesabu yangu yote yako kwenye faili la maandishi, natumia hledger, programu ya kutunza mahesabu, na nina kaskripti kila usiku kanaamka kenyewe kanaenda mtandaoni kanachukua bei za DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, kanaandika mstari kwenye faili la bei: herufi P, tarehe, jina la hisa, bei. Miezi saba hakajanisumbua. Sasa Jumanne nafungua salio, hisa zangu 4,000 za benki, jana yake zilikuwa na thamani ya 3,960,000, naona 4,040.

ZUHURA: Elfu nne na arobaini. Chipsi mayai hiyo.

BARAKA: Chipsi mayai na chenji ya soda ndogo! Nikajua benki imekufa. Naingia kwenye grupu la WhatsApp kuulizia, nakuta watu wanapongezana, hisa imepanda.

ZUHURA: Imepanda, yeye kafilisika, hahaha.

BARAKA: Kumbe muda wote bei ilikuwa chini ya elfu. Siku hiyo imefunga 1,010, tovuti imeweka koma kama tunavyoandika wote, kaskripti kakakopi hivyohivyo. Na hledger ikikuta namba ina koma moja, nukta hakuna, na hujaiambia chochote, inahesabu hiyo koma ni ya desimali, kama wanavyoandika Wajerumani. Shilingi moja na senti moja!

ZUHURA: Ndiyo maana mimi bei naandika kwa mkono, kila tarehe moja, dakika tano, sijawahi kugeuka sahani ya chipsi.

BARAKA: Lakini dawa ni mstari mmoja tu juu ya faili la bei, decimal-mark halafu nukta, kwisha.

ZUHURA: Kwisha mpaka tovuti ibadilishe jedwali, uokote idadi ya hisa zilizouzwa ukidhani ndo bei.

BARAKA: Nimeweka ulinzi, bei ikiruka zaidi ya asilimia 20 haiandikwi, inanitumia meseji niangalie mwenyewe.

ZUHURA: Niangalie mwenyewe! Mmemsikia?

BARAKA: Mara moja kwa mwaka Zuu, sio kila mwezi!

ZUHURA: Na wikiendi soko limefungwa, kanaandika nini?

BARAKA: Hakaandiki, leja yenyewe inatumia bei ya mwisho iliyopo, ya Ijumaa. Kwa hiyo hata wewe na tarehe moja yako, kuanzia tarehe mbili mpaka mwisho wa mwezi unaangalia bei ya zamani.

ZUHURA: Nauza kesho? Siuzi. Leja ni ya kuandika nilichofanya, bei ya leo sijaifanya mimi.

BARAKA: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali.

BARAKA: ...Ila ulivyosema chipsi, usiku ule nikafanya ujinga. Nimeingiza chipsi mayai kwenye faili la bei, 3,500, halafu unaiambia hledger -X CHIPSI, inakutolea mali yako yote kwa sahani.

ZUHURA: Acha! Ngapi?

BARAKA: Jumatatu sahani 1,131. Jumanne, moja na robo hivi, haifiki.

ZUHURA: Mimi nitolee vipande vyangu vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Ngoja, hiyo 3,500 umeitoa tovuti gani?

BARAKA: Nimemuuliza kaka wa pale kona.

ZUHURA: Ukaandika kwa mkono.

BARAKA: Hana tovuti!

ZUHURA: Kwa mkono, Baraka. Na ndo bei pekee kwenye faili lako haijawahi kukosea.

BARAKA: Siku akifungua ukurasa namuwekea skripti saa hiyohiyo, na sijabadilisha msimamo, andikeni. Haya, funzo la kwanza...

ZUHURA: Dakika zimeisha kaka.

BARAKA: Hata moja?

ZUHURA: Wiki ijayo. Na kachumbari je, iko ndani ya 3,500 au unaiandikia P yake?

BARAKA: Kachumbari bure.

ZUHURA: Kwako wapi huko, kwetu wanachaji mia tano...