Njoo Kongowea na Mizani Yako

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nimeombwa nieleze vitu rahisi viko wapi Mombasa. Nami nitasema yale yale nisemayo kila nikialikwa: acheni kuuliza wapi. Soko la Kongowea mwalijua, soko la Marikiti mwalijua, na Biashara Street ya leso hakuna wa kuelekezwa hapa. Ulizeni kilo. Mtu akitoka sokoni anajua amelipa ngapi kwa gunia, lakini hajui amelipa ngapi kwa kilo, huyo hana msingi wa kusema kapata rahisi.

Tuchukue viazi, maana najua wengi wenu mwakaanga viazi karai na bhajia. Gunia la lumbesa, lile lililoongezwa neti juu likavimba kama mimba ya miezi tisa, tuseme ni shilingi 4,400, na ndani mna kilo 110. Pembeni pana gunia la kilo 50 kwa 2,100. Gawanyeni. Lumbesa ni shilingi 40 kwa kilo, dogo ni 42. Kila mtu ataruka kwa lumbesa. Sasa limwageni sakafuni. Udongo kilo 4. Viazi vya kijani na vilivyokatwa na jembe kilo 8. Na vya kijani msiwape watu, vina sumu na kuvikaanga hakuitoi. Vilivyooza kule katikati, ambako hewa haipiti na jicho halifiki, kilo 6. Mmebaki na kilo 92, na kila kilo imewagharimu karibu shilingi 48. Lile dogo likitoa uchafu wa kilo 3, mwabaki na 47, na kilo ni kama 45. Anayenunua magunia kila wiki, shilingi hizo tatu ndizo kodi ya kibanda.

Tena lumbesa si suala la ujanja wa soko tu. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zasema gunia lisizidi kilo 50. Sheria iko. Sisi wanunuzi ndio tunaoitia maji kwa kulikimbilia gunia kubwa.

Mizani ninayoisema si ya dukani. Ni ile ndogo ya ndoano, ya betri, watu wapimiayo mabegi ya safari. Nyingi hufika kilo 50, kwa hivyo usiitundikie lumbesa, itakatika; ligawe mara tatu. Usishike mizani kwa mkono mmoja huku mzigo wagusa chini, itakudanganya. Pitisha mti kwenye kishikio cha mizani, watu wawili waunyanyue, mzigo uning'inie bila kugusa guu la mtu, usubiri nambari itulie. Na kabla ya kuiamini, ipime yenyewe: tundika pakiti ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa. Ikisoma 2.3, ijue tabia yake. Pakiti hiyo hiyo iweke kwenye mizani ya muuzaji. Hapo ndipo utakapoona kama sahani imeanza kusoma kabla hujaweka kitu.

Najua kuna wanaosema moyoni, "Nikitoa mizani Kongowea nitafukuzwa." Wako watakaokufukuza, ndiyo. Ondoka. Malori ya viazi, vitunguu na tungule, yaani nyanya, hushusha mzigo usiku, na alfajiri wenye mali ni wengi kuliko wewe ulivyo na pesa. Mwenye gunia safi hana sababu ya kuiogopa mizani. Mtafute mwenye mali mwenyewe, si dalali, kwa sababu dalali ana cha juu chake na hana mamlaka ya kukupunguzia. Njia ya kumjua ni rahisi: uliza mzigo umetoka wapi na umeshushwa saa ngapi. Dalali atakujibu bei.

Gorogoro nalo, lile kopo la kupimia. Maharagwe na pojo huuzwa kwa gorogoro, nanyi mwafurahia ile nyongeza ya gao moja juu. Tazameni kitako kwanza. Kikibonyezwa kikaingia ndani, kopo limepoteza zaidi ya hiyo nyongeza. Mimina kwenye mfuko, tundika kwenye mizani yako, soma. Ukinunua gunia zima la maharagwe au mchele, omba bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka ndani ya gunia, lidungwe chini, kati na juu. Mdomo wa gunia huwa umepambwa.

Tungule hazina bambo. Kreti ya mbao inatoka Taveta au Loitokitok, barabara ndefu, joto, na uzito wote umekalia safu ya chini. Usitazame uso wa kreti. Inama utazame mbao za chini: zikiwa zimelowa, au nzi wamezizunguka, zile za chini zimepasuka. Kwa joto letu chukua zilizoanza kuiva tu. Nyekundu kabisa ziache isipokuwa wapika leo. Vitunguu, bonyeza shingo: ikiwa laini, vimevunwa vikiwa vibichi, vitapungua uzito nyumbani kwako badala ya kwa muuzaji.

Mtasema pia jioni bei hushuka. Hushuka kwa mchicha na sukuma wiki zilizonyauka. Kama sufuria iko motoni, sawa. Kama ni za kuuza kesho, umenunua taka.

Na anayesema hana pesa za gunia: changeni watatu. Lakini mgawane kwa kilo, si kwa debe, maana wa mwisho kwenye debe ndiye anayepata udongo, na urafiki huishia hapo.

Naonyeshwa saa. Leso basi, kwa haraka. Biashara Street ukinunua kwa jumla utauziwa kwa korja, yaani 20; uliza kabla ya kutoa pesa kama ni doti 20 au vipande 20; doti moja ni vipande viwili, kwa hivyo vipande 20 ni nusu tu ya doti 20. Fungua doti chache za katikati ya furushi, si za juu, utazame kama pindo zimenyooka na maneno hayakukatwa. Lowesha kidole usugue wino. Hesabu mwenyewe kabla risiti haijaandikwa, na hesabu tena kabla mkokoteni haujaondoka. Mitumba sikuifikia, na robota lililofungwa si jambo la dakika mbili. Wenye maswali yake waanze wao.