"Very" Si Chumvi ya Kila Mchuzi

Walimu wenzangu, nianze na giza. Mgeni akikuambia, "Usiku ulikuwa na giza fofofo, nikalala totoro," utamwelewa. Lakini utacheka, na ukishacheka utamsahihisha: giza ni totoro, usingizi ni fofofo. Akikuuliza kwa nini, kanuni ya kumpa huna. Nguo hulowa chapachapa, gunia hujaa pomoni, kanzu huwa nyeupe pe, makaa meusi ti. Hakuna aliyekuweka darasani akakwambia "pe" haiolewi na weusi. Umekua nayo.

Kiingereza nacho kina mambo hayohayo, na hapo ndipo ugomvi wangu na mazoezi tunayowapa watoto ulipo. Vielezi tunaviandika upande huu wa ubao, vivumishi upande ule, kisha tunasema: haya, changanya. Mtoto anachanganya kweli! Anatuletea "very asleep", "highly happy", "very freezing". Tunapiga mstari mwekundu bila maelezo, na somo analoondoka nalo ni moja tu: "very" ndiyo salama, aimwage kila mahali kama chumvi.

Sasa "very" yenyewe ni nini? Ilitoka Kifaransa cha kale, "verai", maana yake "-a kweli". Masalia yake bado yapo: "this very day", siku hii hii. Ilianza kwa kuthibitisha ukweli, ikaishia kupima kiasi, na kwa jinsi ilivyotumika imechakaa. Ndiyo maana Waingereza kila zama huajiri nyingine. "Awfully" na "terribly" zilianzia kwenye hofu na kitisho, leo mtu anasema "awfully nice" na hakuna anayetetemeka.

"Very" inataka kivumishi chenye ngazi, kitu unachoweza kukipanda na kukishuka: "cold", "tired", "big", "hungry". Lakini kila kimojawapo kina kaka yake aliyeko kileleni: "freezing", "exhausted", "enormous", "starving". Huyo amekwisha kufika juu. Ndani ya "freezing" mna "very cold" tayari, ukiongeza "very" unampandisha ngazi mtu aliyeketi juu ya paa. Aliye kileleni huitiwa "absolutely": "absolutely freezing", "absolutely enormous". Na ukigeuza, "absolutely cold", sikio la Mwingereza linakwaruzwa vilevile.

Mwanafunzi atajuaje? Mpe kipimo kimoja, cha sekunde mbili. Atangulize "a bit". "A bit cold", inakaa? Inakaa. Basi "very" ruksa. "A bit freezing"? Haikai. Basi "absolutely". Akibanwa kwenye chumba cha mtihani na hajui, atumie "really", maana hiyo huingia nyumba zote mbili: "really cold", "really freezing". Hilo peke yake lingeokoa alama nyingi kuliko kurasa za majedwali tunazowakaririsha.

Najua kuna anayeninyoshea kidole: mbona Waingereza wenyewe husema "very unique"? Husema, ndiyo, na Waingereza wenzao huwanunia. Tena wapo wanaosema "very pregnant" kwa utani, kwamba tumbo limefika mlangoni kabla ya mwenyewe. Utani wa lugha ni haki ya mtu ambaye kila msikilizaji anajua kwamba anaijua. Mtahiniwa wa kidato cha nne akiandika hivyo, msahihishaji hataona utani.

Sasa nifike kwenye "too", na hapa mnivumilie, kwa sababu hili silo suala la sikio kukwaruzwa. Hili linageuza maana.

Afrika Mashariki nzima tunasema "too" tukimaanisha "very". Chanzo tunacho nyumbani: "mno". Asili ya "mno" ni kupita kiasi, lakini mtu akionja embe akasema "tamu mno", anasifu. Tumezoea kusifu kwa neno la kuzidi, tukaenda nalo hadi kwenye Kiingereza. Kule "too" haisifu. "Too" inasema mpaka umevukwa, na kuna jambo limeharibika au haliwezekani tena. "The tea is very hot": chai ni moto sana, pengine ndivyo uipendavyo. "The tea is too hot": hainyweki. Nyuma ya "too" kuna sentensi iliyofichwa, mara nyingi huanza na "to": "too hot to drink", "too heavy to carry", "too late to apologise". Mfundishe mwanafunzi kuitafuta hiyo iliyofichwa. Asipoipata, "too" yake ni ya Kiswahili.

Tazama hasara yake. Mhudumu wa hoteli ya pwani anajinadi kwa mgeni: "Our coffee is too strong." Amekusudia kusifu kahawa. Mgeni amesikia onyo, anaagiza soda. Au mgeni anasema, "The soup is too salty," mhudumu anasikia "very", anatabasamu, anasema "Thank you." Hapo hakuna aliyekosa adabu, ila mchuzi haubadilishwi na mgeni anadhani amedharauliwa. Kwa hiyo yule anayeniambia kila mara "mwalimu, lugha ni mawasiliano, muhimu nieleweke", mimi namjibu: sawa kabisa, na hukueleweka.

Mwingine atasema, mbona wapo wanaosema "I'm only too happy to help"? Wapo, na ni furaha tupu, haijapita kiasi. Lakini angalieni hiyo "only". Ni msemo uliogandishwa, unachukuliwa mzima mzima kama ulivyo. Toa "only" uone: "I'm too happy to help", yaani nina furaha kiasi kwamba siwezi kukusaidia! Na ukitaka kuiongezea "too" uzito, usiseme "very too". Sema "far too expensive" au "much too expensive".

Naona mwenyekiti anatazama saa. Niharakishe, ingawa kundi la tatu lilistahili muda.

Kuna vivumishi vinavyoanza na "a-": "asleep", "awake", "alone", "alive". Hivi haviketi na "very" peke yake. Kila kimoja kina mwenzi wake: "fast asleep" au "sound asleep", "wide awake", "all alone", "very much alive". Mwanafunzi atauliza usingizi na mbio vinahusianaje. Hiyo "fast" si ya mbio, ni ile ya zamani ya kushika imara, iliyozaa "fasten", kufunga. Aliyelala amefungwa na usingizi. Hiyo ndiyo fofofo yao.

Halafu vile viambatani vya desturi tu. "Bitterly" huenda na "cold" na "disappointed", lakini joto halina uchungu: sema "boiling hot". Majeruhi ni "badly injured", mgonjwa ni "seriously ill", wanajeshi ni "heavily armed", mjamzito wa miezi ya mwisho ni "heavily pregnant". Ujuzi na uwezekano hupenda "highly": "highly skilled", "highly unlikely". Huzuni na shukrani hupenda "deeply": "deeply sorry", "deeply grateful". "Utterly" hupenda ubaya, "utterly useless", na "perfectly" hupenda usalama, "perfectly safe", "perfectly normal". J. R. Firth, profesa wa isimu kule London, alilisema mwaka 1957: neno ulijue kwa wanaofuatana nalo. Kwa hiyo daftarini kivumishi kiwe katikati ya ukurasa, vielezi vyake viwili vitatu vikizunguke. Ukianza na kielezi, mtoto ataorodhesha "highly" na kuibandika popote.

"Quite" ina sumu. "Quite impossible" ni haiwezekani kabisa, lakini "quite good" kwa Mwingereza ni nzuri kiasi tu. Ukimwandikia mwanafunzi wako barua ya kumpendekeza chuo cha Uingereza ukaweka "quite good", umemwangusha. Mmarekani angeipokea vizuri zaidi. Iache kabisa kwenye barua.

"Better" haitaki "very", inataka "much". "A bit" mbele ya kivumishi hulalamika: "a bit expensive" sawa, "a bit good" hapana, ingawa "very good" ni sahihi; kwa hiyo kile kipimo cha sekunde mbili msikitumie kwa vivumishi vya sifa. "Enough" hukaa nyuma: "good enough". Kistari: "a well-known writer" kinawekwa, lakini "the writer is well known" hakiwekwi, na baada ya kielezi chenye "-ly" hakiwekwi kamwe, "a highly paid job".

Mpangilio wa vivumishi vyenyewe kwa vyenyewe nauacha, hautoshi kwa dakika mbili. Maswali. Naanza na mama pale nyuma, na tafadhali, asiulize mtu "very unique", nimeshaijibu.